Mbwa Akiuma Leo, Usingoje Kesho

Ndugu msomaji, tuanze na jambo ambalo laweza kutokea katika nyumba yoyote hapa Simbo. Ni saa kumi na moja jioni. Mtoto wa miaka minane anatoka kuteka maji, ndoo iko kichwani. Mbwa asiyejulikana anatokea kwenye michikichi. Habweki. Anamwuma mtoto mguuni, kisha anaendelea na safari yake mbio kama aliyetumwa.

Mtoto analia. Mama anamtazama mguu, anaona alama mbili za meno na damu kidogo. Baba anasema, "Huo ni mkwaruzo tu. Kesho kutwa nikishauza mawese tutakwenda zahanati." Bibi naye anasema, "Mimi niliumwa na mbwa nikiwa msichana, na mpaka leo nipo."

Wote wawili wanampenda mtoto huyu. Lakini kama mbwa yule alikuwa na kichaa, maneno yao yanaweza kumwua. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Katika makala hii tutaeleza kwa nini jeraha dogo la mbwa si jambo dogo, nini kifanyike jioni ile ile, na nini kijiji kizima kinaweza kufanya ili ugonjwa huu usirudi tena.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Kichaa cha mbwa hakiletwi na jua kali, wala njaa, wala mbwa kulishwa pilipili. Kinaletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kirusi hiki hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, mate huingia katika jeraha. Hata akikukwaruza, au akikulamba penye kidonda, machoni au mdomoni, mate hayo yanaweza kuingia.

Vijidudu vingi husafiri kwa njia ya damu. Kirusi cha kichaa hakifanyi hivyo. Kinashika mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka mwilini hadi kwenye ubongo, na kinapanda nayo taratibu. Kutoka mguuni hadi kichwani ni safari ya majuma, mara nyingi miezi miwili au mitatu. Wengine huugua baada ya juma moja tu, wengine baada ya mwaka. Aliyeumwa usoni, shingoni au mkononi yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu njia ni fupi au mishipa ni mingi. Watoto huumwa sana sehemu za juu kwa kuwa ni wafupi.

Wakati wote huo wa safari mtu hajioni mgonjwa. Jeraha limepona, mtoto anacheza, anakwenda shule. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kumbe siku hizo ndizo siku za kumwokoa. Kirusi kikishafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, hakuna dawa inayojulikana ya kumponya. Hata katika nchi tajiri zenye hospitali kubwa, waliopona baada ya dalili kuanza ni wachache sana, wa kuhesabika kwa vidole.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, shika jambo hili moja hata ukisahau mengine yote: ugonjwa huu hautibiki, lakini unazuilika. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kwenda mapema.

KWA NINI BIBI YUPO?

Pengine utauliza, mbona bibi aliumwa na hakufa? Swali hili ni zuri, na jibu lake lafaa lijulikane na kila mtu.

Kwanza, si kila mbwa anayeuma ana kichaa. Mbwa mzima naye huuma akichokozwa, akiwa analinda watoto wake, au akivamiwa penye chakula. Pili, hata mbwa mwenye kichaa akiuma, si kila aliyeumwa huugua. Pengine nguo ilizuia mate, pengine jeraha lilikuwa jepesi. Watafiti waliofuatilia watu walioumwa hapa Tanzania wameona kuwa wengi wa walioumwa na mbwa wenye kichaa na wasipate sindano hawakuugua. Lakini takribani mmoja katika kila watano aliugua, na aliyeugua alikufa.

Basi bibi yupo kwa sababu mbwa wake hakuwa mgonjwa, au kwa sababu alikuwa mmoja wa wale waliobahatika. Hatuwezi kumwachia mtoto bahati ya namna hiyo.

Jambo hili pia linatueleza kwa nini dawa nyingine za miti na lile jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha vimepata sifa. Watu watano wameumwa, wote wametibiwa kwa jiwe, wanne wapo. Wanne hao wanasema jiwe linaponya. Wa tano hasemi kitu. Kumbe wale wanne wasingeugua hata kama wangebandikwa kipande cha kigae. Jiwe halinyonyi kirusi kutoka katika mishipa ya fahamu.

JIONI ILE ILE: SABUNI NA MAJI

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Hatua ya kwanza haihitaji nauli wala daktari. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtu mmoja amwage maji, mwingine apake sabuni na kuosha hadi ndani ya alama za meno. Mtoto atalia, mbembelezeni, lakini msiache.

Sabuni yoyote yafaa, ya dukani au hii ya mawese tunayotengeneza wenyewe hapa Kigoma. Sababu yake ni hii: kirusi cha kichaa kimefunikwa na utando wenye mafuta. Sabuni huuvunja utando huo kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Kirusi kilichovunjwa utando hakiwezi kuugonjwesha mwili. Baada ya kuosha, kama kuna spiriti au ayodini, paka.

Mambo ya kuepuka ni haya. Usipake mawese, mafuta ya mise, majivu, petroli, kinyesi cha ng'ombe wala pilipili. Usichanje kwa wembe, maana utakifungulia kirusi njia nyingine. Usifunge jeraha kwa kitambaa cha kubana. Na usiombe lishonwe haraka. Mganga ndiye atakayeamua.

HATUA YA PILI: SINDANO

Baada ya kuosha, nenda kwa mganga siku hiyo hiyo au alfajiri inayofuata. Mweleze mambo haya: mbwa ni wa nani, alichokozwa au aliuma bila sababu, alikuwa na hali gani, na sasa yuko wapi. Mganga akiona kuna hatari atakuanzishia chanjo ya kichaa cha mbwa, na pengine sindano ya kuzuia pepopunda.

Wazee wanakumbuka sindano nyingi zilizokuwa zikichomwa tumboni kuzunguka kitovu. Hofu ya sindano zile bado inawafanya watu wajifiche. Ondoa hofu. Sindano za tumboni zimekwisha kuachwa. Siku hizi chanjo huchomwa begani, na kwa watoto wadogo pajani. Ya kwanza ni siku unayofika. Ya pili ni siku tatu baadaye, na ya tatu siku ya saba. Kwa baadhi ya njia za kuchoma kuna nyingine zaidi baada ya hapo. Mganga atakuandikia tarehe. Chanjo hii haimdhuru mama mjamzito, wala anayenyonyesha, wala mtoto mchanga.

Chanjo inafanya nini? Inaufundisha mwili kutengeneza askari wa kukipiga kirusi. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa. Hayo ni mashindano ya mbio: kirusi kinapanda kuelekea kwenye ubongo, na askari wanajiandaa kukikata njiani. Ukianza mapema, askari wanashinda. Kwa jeraha kubwa au la kichwani kuna sindano nyingine ya kuongezea, inayochomwa ndani na kando ya jeraha, ambayo inaleta askari waliokwisha kuwa tayari. Si kila hospitali inayo, lakini kukosekana kwake kusikufanye uache chanjo.

Elimu hii si ya jana. Tarehe 6 Julai, 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimwanzishia chanjo mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule aliishi hadi utu uzima. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu siku hiyo. Kwa hiyo kila mtoto anayekufa leo kwa ugonjwa huu hafi kwa sababu dawa ya kuuzuia haijagunduliwa. Anakufa kwa sababu haikumfikia, au yeye hakuifikia.

NAULI NA FEDHA ZA DAWA

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na si vizuri kuuficha. Chanjo ya kichaa haipatikani katika kila zahanati. Mtu wa Simbo anaweza kupanda gari kwenda mjini Kigoma, penye Hospitali ya Mkoa ya Maweni. Lakini mtu wa Ilagala, Sunuka au Kalya ana safari ndefu ya barabara au ya mtumbwi wa mashine, na anatakiwa kuifanya si mara moja bali mara tatu au zaidi. Baba anapiga hesabu ya nauli, chakula na malipo ya dawa, anaona mbuzi mzima amekwisha. Anaamua kungoja.

Tunamwambia baba huyu: uza mbuzi. Mbuzi atazaliwa mwingine. Lakini pia tunawaambia majirani: msimwache peke yake. Tunachangiana katika harusi na katika misiba. Mchango wa msiba ungeweza kuwa mchango wa nauli miezi miwili kabla. Kamati ya afya ya kijiji yaweza kuweka utaratibu wa kumsaidia anayeumwa, hata kwa mkopo mdogo.

Kabla ya kusafiri, mwombe mganga wa zahanati apige simu kuuliza kama chanjo ipo na iko wapi. Kufika penye stoo tupu ni hasara ya nauli na hasara ya muda. Na ukishaanza sindano, maliza zote. Wengi huchoma ya kwanza, wakiona jeraha limekauka wanaacha.

MBWA AFANYWE NINI?

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Mpole anakuwa mkali, mkali anakuwa mnyonge na kujificha gizani. Anauma vijiti, mawe, hata hewa. Sauti yake inabadilika. Anatokwa na mate kwa sababu koo limepooza na hawezi kumeza. Anapepesuka. Wengine hawawi wakali kabisa. Taya linalegea, wanalala tu. Hao ni hatari pia, maana watu huwahurumia na kuwatia mkono mdomoni wakidhani wamekwamwa na mfupa. Hata mtoto wa mbwa anaweza kuwa nao, naye ndiye watoto wetu humbeba kifuani.

Kama mbwa aliyeuma anajulikana na haonekani mgonjwa, msimwue. Mfungeni mahali imara, mpeni chakula na maji, mwangalieni kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, basi siku aliyouma hakuwa na kirusi katika mate, na mganga anaweza kuagiza sindano zisimame. Lakini aliyeumwa asingoje siku 10 ndipo aanze. Aanze kwanza, mbwa aangaliwe wakati sindano zinaendelea. Kama mbwa amekufa, usimshike kwa mikono mitupu. Mwite bwana mifugo, maana kichwa chake chaweza kupimwa.

Ng'ombe, mbuzi na punda nao wakiumwa huugua. Ng'ombe anayetoa mate na kulia ovyo usimtie mkono kooni. Usimchinje wala usile nyama yake, hata kama roho inauma kuona mali imepotea. Toa taarifa.

SI UCHAWI

Mtu akianza kuugua, kwanza penye kovu pale alipoumwa panawasha au kufa ganzi. Anapata homa, hana usingizi, anaogopa. Baadaye akipewa maji koo linakaza kwa maumivu hata anayakimbia. Anaweza kupiga kelele na kutomtambua mama yake. Kwa kuwa jeraha lilipona zamani na watu wamelisahau, wengine husema amelogwa au ana mashetani. Hapo huanza kutafutwa mchawi, na mara nyingi anayetajwa ni bibi kizee wa jirani.

Ndugu msomaji, tukiuita ugonjwa huu uchawi tunapoteza watu wawili: aliyekufa na aliyesingiziwa. Ukimwona mgonjwa mwenye dalili hizo, uliza kwanza: aliumwa na mnyama lini? Mpeleke hospitali apunguziwe maumivu, msimfunge kamba na kumficha. Na wote walioumwa na mbwa yule yule watafutwe haraka wapate chanjo, maana wao bado wanaweza kuokolewa.

Kwa sababu wagonjwa wengi hufia nyumbani, vifo vyao haviandikwi. Mwaka 2002 watafiti walichapisha makadirio kuwa ugonjwa huu uliua karibu watu 1,500 kila mwaka hapa Tanzania, idadi iliyo mara nyingi zaidi ya ile iliyokuwa imeandikwa serikalini. Duniani kote makadirio ni watu 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

KUKATA MZIZI

Sindano ya mtu inamwokoa mtu mmoja. Chanjo ya mbwa inaokoa kijiji. Karibu wagonjwa wote wa kichaa, 99 katika kila 100, waliambukizwa na mbwa. Wataalamu wameona kuwa mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita na unakatika.

Wengine husema, kwa nini tusiwaue mbwa wote? Jambo hili limejaribiwa mahali pengi na halikufaulu. Ukiua mbwa wa kijiji, wengine huja kutoka kijiji jirani kufuata mabaki ya chakula, na hao hawajachanjwa. Tena mara nyingi wanaouawa ni wale wapole wanaoshikika, ambao ndio waliokuwa wamechanjwa.

Wengine husema, mimi sifugi mbwa, dini yangu hainiruhusu kumgusa, kwa hiyo hayanihusu. Tutazame wenzetu wa Pemba. Kisiwa kile karibu watu wote ni Waislamu, na wanaofuga mbwa ni wachache. Hata hivyo watu wao walikuwa wakiumwa. Tangu mwaka 2010 mbwa wa Pemba walichanjwa kisiwa kizima, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje, wakati uchanjaji ulikuwa umelegea. Wakaanza upya kuchanja kwa bidii, na mwaka 2018 ukakatika mara ya pili. Somo la Pemba ni mawili: inawezekana, na ukilegea unarudi. Sisi wa Kigoma hatukuzungukwa na bahari. Mbwa wanapita kijiji hadi kijiji, kwa hiyo vijiji vichanje pamoja.

Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi kazi ya kuchanja hufanywa siku za karibu na hapo. Serikali ya kijiji imwulize bwana mifugo tarehe mapema, itangaze shuleni, misikitini, makanisani na mnadani. Mwenye mbwa ampeleke kwa kamba. Mtoto asitumwe peke yake na mbwa mkali. Baba aende.

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa katika vikundi penye redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Kazi ile ilifaulu kwa sababu kila mtu alijua sababu ya jembe alilolishika. Na hii nayo ni hivyo hivyo.

TUMALIZIE KWA MTOTO WETU

Tulimwacha mtoto na alama mbili za meno. Sasa mama amechukua sabuni, bibi anamwagia maji, na dada anahesabu dakika. Baba amekwenda kwa jirani kukopa nauli, na kumpa mwenyekiti wa kitongoji habari za mbwa anayezurura ili watoto wengine wakae ndani. Alfajiri wanapanda gari la kwanza.

Pengine mbwa yule hakuwa na kichaa. Basi wamepoteza nauli na usingizi wa usiku mmoja. Hasara hiyo inalipika.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini jeraha la mbwa lioshwe kwa sabuni kwa dakika 15?
2. Jirani yako anasema, "Jeraha limepona, sina haja ya sindano zilizobaki." Utamjibu nini?
3. Katika kijiji chako kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu? Hesabuni pamoja.
4. Mtu akiumwa leo usiku, nani ana namba ya simu ya mganga, na nauli itatoka wapi? Amueni kabla hajaumwa.